Mji Uliommeza Anaclet

Monako, 6 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Mama Rungasamy. Huyu mzee niliyeajiriwa kumtunza, goti lake limevimba kwa sababu ya ndege, lakini mdomo wake haujachoka hata kidogo. Mimi ni mzima. Odette asome, na asikudanganye kwamba mama yake alimruhusu kulala kwa rafiki. Sikumruhusu.

Barua hii itakufikia ndani ya bahasha ya mwanasheria wa Mama Rungasamy, na Peguy dereva atakuletea hapo nyumbani Umbilo. Najua simu huisikii tena, na maandishi ya kwenye kioo chake yanakuumiza macho. Hata hivyo napenda karatasi. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika.

Tulitua Nice, Ufaransa. Mtoto wa Mama Rungasamy, yule anayefanya kazi ya bima za meli, akatupokea, na baada ya muda mfupi akasema, "Tumeingia." Nikatafuta kizuizi, askari, mtu wa kugonga mhuri. Hakuna. Baba, tumevuka mipaka mingapi mimi na wewe, tukisimama juani na karatasi zetu kwapani? Hapa barabara inaendelea tu, na wewe uko nchi nyingine. Nchi nzima nimeipita kwa miguu asubuhi moja, nikarudi Mama Rungasamy hajamaliza gazeti lake. Ni mlima mtupu, kwa hiyo wameweka lifti barabarani. Mtu anaingia na mfuko wake wa nyanya, anatokea mtaa wa juu. Magari yao sithubutu hata kuyaegemea.

Kasino nimeiona kwa nje. Ina minara miwili, saa kubwa na bustani mbele. Nilisimama pale nikasikia sauti yako, tukiwa bado Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, ukiniambia juu ya mdogo wako aliyenizaa: "Baba yako Anaclet aliingia mlango wa kasino, na mlango ukammeza." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tangu siku ile sikuuliza tena.

Leo nauliza jambo dogo. Wale Waitaliano wenye hoteli kando ya ziwa, waliomchukua awe mpishi wao huku mwaka wa themanini na sita, waliitwa nani? Barua zake za kwanza, zile ulizonisomea nikiwa mdogo, zilikuwa na mtaa gani? Nataka kupita mbele ya nyumba tu, basi.

Tutarudi Durban mwisho wa Mei. Kunywa dawa ya presha.

Mwanao,
Laetitia


Umbilo, 25 Machi 2024

Laetitia binti yangu,

Mungu ni mwema, barua imefika ikiwa imekunjwa vizuri. Peguy alisimamisha gari karibu na robot, zile taa za barabarani, akanipigia honi kama mtu anayeuza samaki. Odette ni mzima, amepata alama nzuri za hesabu, na juu ya kulala kwa rafiki tumeelewana. Mvua imenyesha siku nne. Cherehani inasumbua kidogo, nimeifungua nikaitia mafuta. Watu wa kanisa wananiletea nguo za Pasaka, zipu na mapindo, kazi iko.

Nimesoma habari za lifti mara mbili. Umenirudisha Bukavu, bila kujua. Kule kwetu pia mji ulikuwa wa kupanda na kushuka, ila lifti yetu ilikuwa magoti. Mimi na baba yako tulishuka mpaka ziwani kila Jumamosi kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Anaclet alizikaanga nyuma ya jiko la hoteli, na chumvi aliitia kwa vidole vitatu, hakupima kamwe. Mbwa wa hoteli aliitwa Garibaldi. Alikuwa na sikio moja lililokatika, na hakula kitu ila kutoka kwa mkono wa Anaclet. Jioni wazungu walicheza dansi kwenye veranda, sisi tunasikiliza kutoka juu ya ukuta, miguu ikining'inia. Mimi nilikuwa najifunza kushona, yeye anajifunza sosi. Tulidhani dunia yote itakuwa hivyo.

Jina la wale Waitaliano limenitoka. Ni zamani sana. Na barua, unajua, vita ilikula kila kitu. Franchement, kusema kweli, binti yangu, usijisumbue na mambo hayo. Tazama bahari, pumzika, mtunze mama wa watu.

Hapa Umbilo nyumba ni kubwa bila wewe, ingawa ni vyumba viwili.

Baba yako,
Honoré


Monako, 9 Aprili 2024

Baba yangu,

Nashukuru kwa habari za Odette na za cherehani. Mama Rungasamy anaendelea vizuri. Amegundua duka linalouza bizari anayoipenda, na sasa nchi hii anaikubali.

Jana asubuhi alisema, "Laetitia, leo tunaenda kuona watu wanavyopoteza pesa." Alivaa sari ya bluu, mimi nikavaa gauni ulilonishonea kwa mahafali ya Odette ya shule ya msingi. Asubuhi wageni wanaingia kutazama tu, hakuna anayecheza. Baba, ndani ni kama kanisa. Nguzo za marumaru, dari yenye picha za wanawake na mawingu, taa zinazoning'inia kama mvua iliyosimama. Mama Rungasamy alitazama yote, kisha akasema kwa sauti, "Ile ya kule kwetu ufukweni ina mwanga zaidi, na unaweza kupata biriani."

Mhudumu mmoja mzee alicheka. Alituambia wenyeji wa nchi hii, wenye uraia wake, hawaruhusiwi kucheza humo. Ni mchezo wa wageni. Nikapata nguvu, nikamuuliza kwa Kifaransa kama zamani mpishi wa nyumbani, Mwafrika, angeweza kuingia.

"Kucheza?" akasema. "Mama, zamani hizo mlangoni walikutazama viatu kabla ya uso. Mpishi angepita pale nyuma, akipeleka samaki."

Tulipotoka, Mama Rungasamy alinishika mkono. "Una jambo," akasema. Nikamwambia kidogo. Akasema, "Basi uliza. Uko hapa, uliza." Ni mtu asiyejua kuzunguka.

Kwa hiyo nakuuliza tena, Baba. Unakumbuka jina la mbwa na sikio lake lililokatika. Jina la bwana wake limekutokaje?

Usiponiandikia nitauliza sokoni. Watu wa soko wanajua wapishi wote.

Laetitia wako


Monako, 19 Aprili 2024

Baba mkubwa Honoré,

Bahasha ya mwanasheria imefika, barua yako haimo. Sikungoja.

Chini karibu na bandari kuna soko. Mama mmoja wa mboga, mwenye Kifaransa kilichochanganyika na Kiitaliano, nilimuuliza juu ya familia iliyotoka Zaire zamani. Hakufikiri hata kidogo. "Ferrando! Mabwana wamekwisha kufa. Mpishi wao ndiye yuko. Yule anayeniomba majani ya maboga ninayoyatupa. Huja kila Alhamisi."

Jana ilikuwa Alhamisi. Nilifika saa mbili asubuhi. Alikuja mzee mfupi, koti la kijivu. Anatembea kama wewe, bega la kushoto mbele. Alikuwa anachagua majani, moja moja. Nilisogea nikasema kwa Kiswahili, kama mtu anayemwuliza jirani:

"Majani hayo utayapika na nini, baba?"

Akajibu bila kuinua kichwa: "Na karanga, mama, kama iko."

Halafu mkono wake ukasimama ndani ya mfuko. Akainua kichwa.

"Unatoka wapi, wewe?"

"Kadutu."

"Kwa nani?"

"Kwa Médiatrice," nikasema. "Mama yangu, aliyefariki nikiwa na miaka miwili."

Alikaa juu ya kreti ya viazi. Mama wa mboga akamletea maji, akanitazama vibaya, akidhani nimeleta habari ya kifo.

Yuko hai, Baba mkubwa. Ana miaka sabini. Anakaa ng'ambo ya barabara, upande wa Ufaransa, ghorofa ya tatu. Kiswahili chake ni kile cha utoto wangu, hakijaguswa na mtu. Bado anasema makuta kwa pesa, anasema lupango kwa kiwanja cha nyumba, anasema masomo kwa shule. Nilimsikiliza nikaona njia yetu ya Kadutu na matope yake. Kwa miaka thelathini na minane amepita mbele ya kasino ile na kapu mkononi. Hajui ndani kuna nini. Mimi nimeona zaidi yake.

Tulipokwisha kulia aliniuliza swali moja, taratibu, kama mtu anayeogopa jibu.

"Kwa nini ulikataa kuja?"

Nikamuuliza kuja wapi.

Akainuka, akaleta bati la biskuti. Ndani mna barua yako ya mwaka wa tisini na tatu. Alikuwa ametuma tiketi yangu ya ndege. Sista mmoja wa Kiitaliano angenichukua Bujumbura anilete mpaka hapa. Wewe ulimwandikia: "Mtoto amekataa. Anasema hana baba mwingine ila mimi. Usimsumbue tena."

Ni mwandiko wako. Naujua kuliko wangu.

Mimi sikukataa kitu. Sikuulizwa. Mwaka ule ule uliniambia kasino imemmeza.

Sitaki habari za mvua. Niandikie ulichofanya.

Laetitia


Umbilo, 8 Mei 2024

Laetitia,

Nakusalimu, kwa kuwa sijui kuanza barua bila salamu. Odette ni mzima. Hajui lolote, ila ameona kwamba sili chakula.

Umeniita Baba mkubwa. Ni haki, ndivyo nilivyo kwako kwa damu. Nimekaa na neno hilo wiki mbili. Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana, ndiyo maana umengoja.

Nilifanya. Barua ile niliiandika mimi, kwenye meza ya kukatia nguo, mchana, na akili yangu timamu. Tiketi niliitia kwenye moto wa pasi ya makaa.

Unataka kujua kwa nini. Baba yako alipoondoka ulikuwa na miaka minne. Mke wangu Élisabeth alikuwa amepoteza mimba tatu. Wewe ulilala katikati yetu. Ulikuwa na homa ya mara kwa mara, na mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kupanda mpaka kwa madaktari. Siku moja, mbele ya wateja, ulisema, "Huyu ni baba yangu, anashona suti." Nilikuwa mtu asiye na kitu, Laetitia. Neno lile lilinifanya mtu.

Tiketi ilipofika niliona kitanda kikiwa kitupu. Niliona Élisabeth. Nikajiambia: Anaclet yuko kwa matajiri, ataoa, atapata wengine. Nikajiambia pia kwamba ni kwa ajili yako, Ulaya haina ndugu. Uongo mmoja unahitaji mwingine, basi nikatunga kasino, ili usiulize. Nilikuwa nimeiona picha yake kwenye kalenda ya hoteli.

Usimlaumu mama yako Élisabeth, Mungu amrehemu. Yeye alisema, "Tumuulize mtoto." Alisema zaidi ya mara moja. Mimi ndiye niliyekataa, na kwa sababu alinipenda aliubeba uongo wangu mpaka tukamzika hapa Durban.

Baba yako aliandika tena mara tano. Sikumjibu. Kisha vita ikaja na sikuwa na haja ya kukataa tena, hakuna barua iliyofika.

Siombi kitu. Umsomee barua hii kama anataka kusikia. Ukitaka kubaki huko, mwite Odette. Nguo zake nitazifunga vizuri.

Honoré


Monako, 21 Mei 2024

Baba mkubwa,

Salamu kwako na kwa Odette. Mama Rungasamy amekwisha kufunga mizigo. Amenunua sabuni za mtaa mzima.

Barua yako nilimsomea Jumapili mchana, baada ya chakula. Alikuwa amepika sambaza, au tuseme samaki wadogo wa bahari hii anaowaita sambaza. Nilisoma polepole. Alikuwa akikunja kitambaa cha meza, anakifungua, anakikunja tena. Nilipomaliza alikiweka kitambaa chini. Aliniuliza maswali mafupi.

"Alikufundisha kusoma?"

"Ndiyo."

"Alikupiga?"

"Hapana. Hata siku moja."

"Na Élisabeth?"

"Alinipenda sana, Baba."

Akaenda jikoni. Nilisikia maji ya bomba yakitiririka muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na hasira ilikuwa imempata.

"Angeniambia tu ukweli!" akasema. "Angeandika: 'Mdogo wangu, nimempenda mtoto wako, siwezi kumwachia.' Ningelia, ningemtukana, lakini ningejua mwanangu hanichukii. Unajua nilimpata mwanamke mwema hapa, akataka watoto, nikamkatalia? Nilisema mtoto wangu mwenyewe amenikana, nitaleta mwingine ili anikane pia? Akaondoka. Mwambie hilo."

Nimekwambia.

Sasa juu yangu. Sitabaki. Nilifikiri, kwa siku kadhaa, na yeye alinionyesha kile chumba kidogo alichokipaka rangi ya waridi mwaka wa tisini na tatu. Anakitumia kuweka vitunguu. Nililia pale kuliko popote. Lakini nina miaka arobaini na miwili, binti yangu anasoma Durban, na maisha niliyonayo ndiyo yangu, hata kama alinichagulia mtu mwingine. Nitarudi tarehe ishirini na sita. Usije uwanja wa ndege. Peguy atanileta. Nikifika sitaongea, na wewe usinilazimishe. Sijui nitaanza lini.

Kuna jambo la mwisho, na hili si langu. Nilipokuwa navaa viatu kuondoka, Baba alinishika bega.

"Mama yetu, mimi na Honoré, alizikwa wapi?" akauliza.

Nilimweleza ninachokijua tu. Unajua mwaka wa tisini na sita, tulipokimbia vita, mimi na Mama Élisabeth tulitangulia na watu wa kanisa, wewe ukabaki nyuma na Bibi kwa sababu alishindwa kwenda haraka. Ulipotukuta Kigoma ulikuwa peke yako. Tulikuuliza, ukasema, "Alipumzika." Hukuongeza neno, na sisi tulikuogopa.

Baba alisema: "Basi duniani kote anayejua ni Honoré peke yake. Mwambie aniandikie. Mimi mwenyewe, si kwa mkono wako."

Anwani nimeiandika nyuma.

Laetitia


Umbilo, 16 Juni 2024

Mdogo wangu Anaclet,

Nakusalimu kwa jina la mama yetu, kwa sababu jina langu halistahili kutangulia. Laetitia alifika salama. Wiki ya kwanza hakusema nami ila habari za chumvi na funguo. Ya pili alimketisha Odette akamweleza yote, mimi nikiwepo, na mtoto akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Kisha Laetitia akaweka karatasi hii mbele yangu, akaondoa nguo za wateja juu ya meza. Bado ananiita Baba mkubwa. Juzi, akiwa jikoni, aliita, "Baba, chai." Sikujua kama amesahau. Sikuuliza. Nilikwenda nikanywa.

Umeuliza juu ya mama. Nitakuambia, na hili sijamwambia mtu.

Tulitoka Bukavu siku ya tatu baada ya wengine. Nilimbeba mgongoni, alikuwa mwepesi kama furushi la nguo. Tulifuata njia ya milimani kuelekea Burhale. Ili kumsahaulisha bunduki niliongea juu yetu, mimi na wewe, ziwani, tukiiba sukari ya hoteli. Alicheka. Kisha akaniuliza kwenye sikio langu: "Honoré, ni kweli yule mtoto alikataa kwenda kwa baba yake?"

Sijui kwa nini, pale sikuweza kumdanganya. Labda kwa sababu hakuuona uso wangu. Nikamwambia kweli. Tulivuka kijito cha kwanza. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Utamwambia mdogo wako wewe mwenyewe." Si kwa hasira. Kama alivyokuwa akituma mtu dukani.

Kesho yake asubuhi alifariki, katika nyumba ya mjane mmoja aliyetupa chumba na uji. Hakuteseka, pumzi iliisha tu. Nilimfunga kwa koti langu, lile la kahawia uliloniachia ulipoondoka. Nilichimba na mume wa jirani, kwa jembe la kuazima. Nilisema sala zote ninazozijua.

Ukifika Burhale, uliza kanisa dogo la juu, si lile la misheni. Nyuma yake kuna shamba la kahawa linaloteremka. Hesabu mistari sita kutoka kwa ukuta wa kanisa, halafu shuka mpaka kwenye mawe matatu meusi makubwa. Niliyasukuma mwenyewe, hakuna mtu atakayeyatoa. Yuko chini ya lile la katikati. Nilimgeuza kichwa upande wa ziwa. Hakuna msalaba, sikuwa na mbao.

Nimechelewa miaka ishirini na minane kufanya alichonituma. Nimekuambia, Anaclet. Mtoto hakukataa.

Kaka yako,
Honoré